Uzi: Samadi, dawa ya kupe na samaki wa vijito vyetu — tuzungumze kwa vipimo

Mwanamaji (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wana jukwaa.

Kila masika yakianza maneno huwa yale yale: samaki wanaelea Kombeni, kamba wamepungua Tudor, na kidole kinaelekezwa mjini Mombasa. Maji taka ya mjini yana makosa yake na hakuna anayeyatetea. Lakini mito ya Kombeni na Tsalu inayoingia kriki (mkono wa bahari) ya Tudor, na Mwache inayoingia kriki ya Port Reitz, hupita kwenye maboma na mazizi ya bara kabla hazijafika kwenye mikoko. Upande huo hatuuzungumzi, na ukizungumzwa ni kwa lawama tupu bila hesabu.

Nianze na jambo ambalo nataka lishike. Mavi yaliyokaa makavu zizini hayamdhuru samaki. Anayemdhuru ni mvua iliyoshuka safi, ikapita juu ya mavi, ikashuka nayo mtoni. Ukiweza kuyatenga maji na mavi, umemaliza sehemu kubwa ya kazi kwa gharama ndogo. Ukiyaacha yakutane, hakuna mtambo wa bei ya mfugaji mdogo utakaoyatenganisha tena.

Sasa oksijeni. Maji yasiyo na chumvi yakiwa na joto la nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5, hata yawe safi namna gani. Kwa hiyo samaki wa huku kwetu huanza siku na akiba ndogo. Wengi hutaabika ikishuka chini ya 4 au 5. Perege huvumilia hata 2 kwa muda. Kambare ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana humkuta hai kwenye tope wenzake wakiwa wamekufa.

Ng'ombe wa kilo 400 hutoa kama kilo 30 za mavi na mkojo kwa siku. Vijidudu vinavyoozesha mzigo huo ukiingia majini hutumia takriban gramu 600 za oksijeni katika siku 5 za kwanza. Hicho ndicho kipimo kinachoitwa BOD. Piga hesabu: lita moja ina miligramu 7, basi gramu 600 ni oksijeni yote iliyomo ndani ya lita 85,000 hivi. Ng'ombe mmoja, siku moja. Kijito kinachokwenda mbio juu ya mawe hujivutia hewa mpya, kwa hiyo hesabu hii ni ya ukali wa mwisho. Lakini kidimbwi kilichotulia chini ya kivuko cha ng'ombe hakina pa kuipata.

Kwa kulinganisha, maji taka ya majumbani huwa na BOD ya miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Tope la mavi ya ng'ombe wa maziwa ni 10,000 hadi 20,000. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye saileji (majani ya mifugo yaliyovundikwa) ni 30,000 hadi 80,000, na maziwa yaliyoharibika yakamwagwa hupita 100,000. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilitaka maji yanayoachiwa kuingia mtoni yasizidi 30.

Karibuni. Tafadhali tuweke vipimo na hatua.

---

Mkulima Mazeras

Waaleikum salaam. Ndugu Mwanamaji, hapo pana mkanganyiko unaowasumbua wafugaji wengi. Maofisa wa samaki hutuambia tutie samadi bwawani ili perege wapate chakula. Vipi samadi ile ile iwe chakula bwawani na sumu mtoni?

---

Bi Mikoko

Swali zuri sana, ndugu yangu. Jibu ni kipimo na mwendo.

Bwawani hutiwa kiasi cha gramu 50 za samadi, ukihesabu uzito wake mkavu, kwa kila mita moja ya mraba kwa wiki. Bwawa la mita 300 za mraba ni kilo 15 kwa wiki nzima, nazo hugawanywa, tena huwekwa ndani ya gunia pembeni ili ziachie virutubisho polepole. Maji yakiwa ya kijani mpaka kiganja hakionekani ukizamisha mkono hadi kiwiko, unaacha kutia.

Ng'ombe mmoja wa kilo 400 hutoa kama kilo 3.5 kavu kwa siku, yaani karibu kilo 25 kwa wiki. Hiyo yatosha bwawa la mita 500 za mraba. Sasa chukua zizi la ng'ombe 4 ambalo halijazolewa wiki mbili, mvua ya kwanza ya masika ikalisukuma lote kwa saa moja ndani ya kijito cha upana wa mita moja. Samaki waliokuwa wapewe kijiko wamemwagiwa gunia. Na kijito mwezi Machi kina maji machache, mengine ni vidimbwi tu. Ndiyo sababu mvua ya kwanza huua kuliko ya kumi: maji ni kidogo, yana joto, na mzigo ni wa miezi miwili mitatu.

---

Mwanamaji

Ahsante Bi Mikoko. Niongeze amonia, kwa sababu huua hata oksijeni ikiwepo.

Mkojo na mavi mabichi hutoa amonia. Ndani ya maji ina sura mbili: iliyofungamana, ambayo madhara yake ni madogo, na iliyo huru, ambayo hupenya matamvua na kuyaunguza. Kipimo cha rangi kinachouzwa madukani husoma zote kwa jumla. Sehemu iliyo huru huamuliwa na joto na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwa nyuzi 30:

pH 7: chini ya asilimia 1
pH 8: kama asilimia 7.5
pH 8.5: asilimia 20
pH 9: asilimia 45

Tuseme kipimo kimesoma miligramu 2 kwa lita. Kwenye pH 7, iliyo huru ni 0.016, na samaki hana habari. Kwenye pH 8.5 ni 0.4, wadogo wanaanza kufa. Kuanzia 0.05 tu, samaki akikaa humo siku nyingi matamvua yake huharibika na ukuaji husimama. Kwa hiyo mtu akikuambia "amonia ni 2" bila kutaja pH na joto, hajakuambia kitu.

Na hapa ndipo siku nzima inapomgeukia samaki. Kidimbwi kilicholishwa samadi huota mwani wa kijani. Mchana mwani hunyonya hewa ya kaboni, pH hupanda, na kufikia saa 9 alasiri inaweza kugusa 9. Amonia huwa kali wakati huo. Usiku mwani nao hupumua, oksijeni hushuka mpaka alfajiri. Alasiri samaki anaunguzwa, alfajiri anakosa hewa. Anayepima saa 6 mchana peke yake atapata oksijeni nzuri, pH ya wastani, na ataandika kwamba maji ni salama.

Watu wa kriki nao wasikilize: maji ya bahari yana pH ya 8 na kitu. Maji ya kijito yenye pH 7 yakishuka na amonia yake mpaka kwenye mikoko, sehemu iliyo huru huongezeka mara kadhaa pale pale yanapochanganyika. Wakati wa bamvua maji huingia na kutoka kwa wingi, uchafu ukazimuka. Mvua kubwa ikikutana na maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kutoka sana, maji hayo machafu hujikokota kwenye vichochoro vya mikoko siku kadhaa, na humo ndimo walimo vifaranga vya kamba na mkizi.

---

Mkulima Mazeras

Sasa mtu akikuta samaki wamekufa, atajuaje kama ni mavi, ni dawa, au ni kitu kingine? Maana jirani atalaumiwa bure.

---

Bi Mikoko

Angalia waliokufa, waliobaki, na saa.

Oksijeni ikiisha, samaki huanza kuja juu alfajiri, vinywa vikiwa kwenye ngozi ya maji, na wakikusikia huzama kidogo kisha warudi. Wakubwa hufa kwanza kwa sababu wanahitaji hewa zaidi. Utawakuta vinywa wazi na matamvua yamepanuka. Kambare huwa mzima. Jua likipanda, waliobaki hupata nafuu.

Ukikuta kambare naye amekufa, shuku sumu. Anayevuta hewa ya juu hafi kwa kukosa oksijeni majini. Dawa za kupe huwafanya samaki wazunguke kama waliopotewa, warukeruke, mwili upinde, kisha walale ubavu. Wadogo na wakubwa hufa pamoja, kamba na wadudu wa majini wakitangulia, na saa haichagui: hata mchana wa jua hufa.

Kisha fungua tamvua la samaki aliyekufa sasa hivi, asiyeoza. La kawaida ni jekundu. Likiwa na rangi ya kahawia kama chokoleti, huenda ni naitraiti, ambayo hutokea amonia ikiwa katikati ya kugeuka kuwa naitreti. Naitraiti huifanya damu ishindwe kubeba hewa. Kwenye maji ya chumvi haina nguvu sana, kwa kuwa chumvi humkinga samaki, basi dalili hiyo itafute juu mtoni, si kwenye kriki.

Geuza na mawe. Chini ya mahali pa kuingilia samadi utaona utando wa kijivu kama pamba iliyoloa, umeshikilia mawe na vijiti na kuyumba na maji. Ule ni umbo la vijidudu vinavyokula uchafu, na huchukua siku kadhaa kuota. Ukiuona, jua tatizo halikuanza jana. Minyoo myekundu kwenye tope ni dalili ile ile. Ukipanda juu ya zizi, mita 100 hivi, ukakuta mawe safi na wadudu wa kila aina, umeshajua chanzo kiko kati ya sehemu hizo mbili.

Samaki waliokufa kwa dawa wasiliwe wala wasilishwe kuku au mbwa. Wazikwe mbali na maji.

---

Daktari Mifugo

Nimesoma kwa makini. Upande wa dawa niueleze mimi, maana ndio unaofichwa zaidi. Mavi yanaonekana na kunuka, dawa haionekani.

Pwani hatuwezi kuacha kupulizia. Ndigana kali huua ndama, na mbung'o wapo. Basi tupulizie bila kuua mto.

Soma jina la kiini kwenye kibandiko, usisome jina la biashara tu. Yale yanayoishia kwa "methrini", yaani sipamethrini, deltamethrini, flumethrini, ni jamii ya pairethroidi. Kwa ng'ombe na kwa mtu madhara yake ni madogo ukifuata maelekezo. Kwa samaki na kamba ni sumu kali kupindukia. Samaki wengi wadogo hufa kwenye mikrogramu chache tu kwa lita, na kamba hufa kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Tuweke hesabu. Sipamethrini ya asilimia 10 hutiwa mililita 1 kwa lita ya maji. Lita 10 ulizochanganya zina gramu 1 ya kiini. Gramu 1 ikisambaa sawasawa kwenye lita milioni moja ni mikrogramu 1 kwa kila lita. Kwa mtoni dawa hii hujishika haraka kwenye tope na majani, kwa hiyo haifiki mbali kwa nguvu ile ile. Lakini kidimbwi cha lita 20,000 chini ya mahali pa kuoshea bomba la kupulizia hakiponi.

Amitrazi ina ukali mdogo zaidi kwa samaki kuliko pairethroidi, lakini usiiite salama. Ya asilimia 12.5 hutiwa mililita 2 kwa lita.

Makosa yanayojirudia ni manne. La kwanza, kupulizia mtoni kwenyewe kwa sababu maji yako karibu. Chota maji, peleka juu, angalau mita 30 kutoka ukingoni, mahali penye majani, pasipo mteremko wa moja kwa moja. La pili, kuchanganya dawa nyingi kuliko inayotakiwa. Ng'ombe mkubwa wa kupuliziwa kwa bomba la mgongoni hutosheka kwa kama lita 4. Ng'ombe 4 ni lita 16, bomba moja. Pima, usibaki nayo. La tatu, kuosha bomba kijitoni. Suuza mara 3 kwa maji kidogo kidogo, na kila mara mpulizie ng'ombe wale wale au ardhi kavu yenye nyasi. La nne ndilo linalosahauliwa: ng'ombe ametoka kupuliziwa anateremshwa kunywa maji, anaingia hadi tumboni, dawa yote ya miguu na tumbo inabaki mtoni. Mnyweshe kwanza, mpulizie baadaye, na asikaribie maji mpaka akauke kabisa. Bora siku hiyo asivuke.

Chupa tupu isuuzwe, itobolewe, isigeuzwe kibuyu cha maji.

Dawa za minyoo jamii ya aivamektini nazo hutoka na mavi, zikadhuru wadudu wa mavi na wale viroboto wa maji ambao ni chakula cha vifaranga vya samaki. Wiki mbili za mwanzo baada ya kuwapa dawa, mavi yao usiyamwage karibu na maji.

---

Mkulima Mazeras

Ahsante daktari. Hilo la kumnywesha kwanza ni jepesi mno, na halisemwi kabisa kwenye mikutano.

Tukirudi kwenye zizi: mwenye ng'ombe 4 wa kufugia ndani, mteremko unashuka kijitoni, aanze na nini kama fedha ni ya jambo moja tu?

---

Fundi wa Mazizi

Gata. Bila kufikiri mara mbili.

Paa la zizi la mita 5 kwa 6 ni mita 30 za mraba. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 40, ambayo Mei si ajabu, inakupa lita 1,200 kutoka paa hilo peke yake. Zote zikidondokea kwenye ukingo wa zizi ndizo zinazobeba mavi. Gata, au mlizamu kama wazee wanavyouita, na tangi, umeyageuza maji ya kuua samaki kuwa maji ya kunywesha ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa hunywa lita 40 hadi 80 kwa siku, kwa hiyo hayapotei. Paa la makuti halikubali gata vizuri. Hapo chimba mtaro chini ya mchirizi, uupige simiti, uyatoe maji kando.

Cha pili ni mtaro wa juu. Upande wa mlimani wa zizi chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 na upana wa 40, ukizunguka kama nusu mwezi, ili maji ya mlimani yapite pembeni yasiingie zizini. Udongo uliochimba uweke upande wa chini wa mtaro uwe tuta. Hiyo ni kazi ya jembe na siku mbili.

Cha tatu ni sakafu. Zege la 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) unene wa sentimita 10, mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, ukielekea kwenye kamfereji kanakopeleka mkojo shimoni. Ukilaza sakafu bila mteremko, mkojo hutuama, kwato huoza, na mtu atalazimika kuosha kwa maji mengi. Zoa mavi kwa koleo kabla ya kuosha. Anayeanza na ndoo za maji hugeuza kilo 100 za mavi kuwa lita 400 za tope, kisha anashangaa shimo limejaa.

Shimo: ng'ombe 4 kwa kilo 30 ni kilo 120 kwa siku, ongeza lita 50 za kuoshea, ni 170. Siku 60 za mvua ni mita za ujazo 10. Shimo la mita 3 kwa 2 kwa kina cha 2, ukiacha sentimita 30 juu, ndilo hilo. Liwe na paa. Shimo wazi la mita 6 za mraba likipata milimita 400 za mvua, umeongezewa lita 2,400 ambazo hukuziomba, na litafurika usiku wa mvua kubwa, yaani saa mbaya kuliko zote.

Usiingie kamwe ndani ya shimo la tope kulisafisha, hata kina kikiwa kifupi. Ukilikoroga hutoa gesi inayomwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeruka kumwokoa huanguka juu yake.

---

Bi Mikoko

Fundi, mashaallah. Lakini walio ukanda wa matumbawe, Kisauni, Bamburi mpaka Mtwapa, shimo wanachimba kwenye mwamba wenye nyufa. Wengi hufurahi kwamba "shimo langu halijai".

---

Fundi wa Mazizi

Shimo la matumbawe lisilojaa limetoboka, dada. Tope linashuka kwenye nyufa, linaingia visimani, na lingine hutokeza kwenye kriki maji yakitoka. Mavi hayaendi popote bila kutokea mahali.

Jenga kuta kwa mawe au bloku, kisha plasta ya 1:3 (simiti na mchanga) yenye dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, ya pili kabla ya ya kwanza haijakauka sana. Pembe za chini ziviringe kwa simiti, zisiwe kali, kwa kuwa nyufa huanzia pale. Acha likomae siku 7 likimwagiliwa.

Kisha lijaribu kabla ya kutia mavi. Lijaze maji safi, piga alama ya msumari ukutani. Weka na ndoo iliyojaa maji kando yake, nayo itie alama. Baada ya saa 48 pima zote mbili. Jua la hapa hunywa kama nusu sentimita kwa siku, kwa hiyo ndoo itashuka sentimita moja hivi. Shimo likishuka sawa na ndoo, ni zima. Likishuka sentimita 3 au 4, tafuta ufa.

Na baiogesi ni jibu zuri zaidi kuliko shimo, kwa maoni yangu. Mtambo wa mita za ujazo 8, ng'ombe 3 au 4, mavi na maji nusu kwa nusu, umepata moto wa kupikia na harufu imekwisha.

---

Mwanamaji

Hapo kwenye baiogesi, fundi wangu, niruhusu nikupinge kidogo, maana nimeona watu wanaelekeza bomba la kutokea moja kwa moja kijitoni wakiamini maji yale yameshatakaswa.

Mtambo hupunguza BOD kwa kiasi kikubwa, ni kweli. Lakini naitrojeni na fosforasi zilizoingia ndizo zinazotoka, hakuna zilikopotelea. Tena sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imegeuka kuwa amonia, iko tayari kabisa. Kwa majani ya nepia hiyo ni mbolea bora. Kwa perege ni sumu iliyoandaliwa. Tope la baiogesi nalo linahitaji shimo lenye paa na shamba la kulipokea.

---

Fundi wa Mazizi

Nakubali. Bomba la kutokea liishie kwenye shimo la pili, si mtaroni. Ningeeleza hivyo tangu mwanzo.

---

Mkulima Mazeras

Na wale ng'ombe wa kuchunga, wanaoteremka mtoni wenyewe? Huko Rabai na Kinango ndio wengi.

---

Mwanamaji

Huko tatizo la kwanza ni kwato. Ng'ombe 50 wakiteremka mahali pamoja kila siku, ukingo unabomoka, na mvua inaubeba. Tope hilo hufunika viota vya perege, ambao huchimba visahani kwenye mchanga wa maji mafupi, na hujaza matamvua ya samaki wadogo. Pia fosforasi husafiri ikiwa imeshika kwenye chembe za udongo, kwa hiyo kuzuia udongo ni kuzuia mwani.

Birika la kunyweshea lijengwe juu, mita 50 au zaidi kutoka ukingoni, likizungukwa na kokoto au zege upana wa mita 2 hadi 3 ili pasiwe tope. Pampu ya miguu yatosha kundi dogo. Ng'ombe mwenyewe hupendelea birika akilizoea, kwa kuwa hapambani na mteremko wala tope. Pale ambapo lazima wavuke, chagua sehemu moja yenye mwamba au imwagiwe mawe, uzibe nyingine.

Ukingoni acha nyasi. Kanuni zile za 2006 zilitaja mita 6 hadi 30 kila upande kutoka alama ya juu ya mafuriko. Kwa mteremko mdogo mita 10 za nyasi nene hukamata tope nyingi. Vetiva ipandwe kwa mistari inayokata mteremko, miche sentimita 10 hadi 15 kutoka mmoja hadi mwingine. Kinachoharibu kazi hii ni kijifereji. Maji yakishapata njia moja, yanapita katikati ya nyasi kama barabarani na ukanda mzima haufanyi kitu; kila baada ya mvua kubwa tembea, tafuta vijifereji, viziba kwa mawe uyatandaze maji. Kata nyasi uzipeleke kwa mifugo, zisiozee pale pale. Na ukanda huu si wa kupokea tope la zizi. Naitrojeni iliyoyeyuka huupita.

Ua wa kuzuia ng'ombe upandwe kwa vijiti vya glirisidia. Tafadhali msipande minyaa kandokando ya maji. Utomvu wake ni ule ule unaotumiwa kulevya samaki, na mtu akipogoa ua matawi yakaangukia kidimbwini, atawaua wale wale anaotaka kuwalinda. Utupa vivyo hivyo.

---

Mkulima Mazeras

Na mavi ya kuku?

---

Daktari Mifugo

Makali zaidi. Kilo kwa kilo yana naitrojeni mara kadhaa kuliko ya ng'ombe. Yawekwe chini ya paa, yachanganywe na taka ya mbao au majani makavu, lundo la mita 1 na nusu, ligeuzwe likipoa. Lundo lililo wazi kando ya mtaro wa barabara ni sawa na kulimwaga mtoni kwa mafungu.

---

Mkulima Mazeras

La mwisho kwangu. Kikundi cha wavuvi kikitaka kuchukua maji yakapimwe, kifanye nini ili majibu yasikataliwe?

---

Bi Mikoko

Chukueni sehemu 3 siku moja: juu ya zizi, mita chache chini ya panapoingilia, na chini zaidi mita 200 au 300. Moja peke yake haithibitishi lolote.

Anza na ya chini ukipanda juu, ili usikoroge maji unayokwenda kuyachota. Simama ukitazama maji yanakotoka. Chupa safi isuuzwe mara 3 kwa maji ya hapo hapo, kisha izamishwe kiasi cha kiwiko, ijazwe na kufungwa ikiwa chini ya maji, pasiwe na kiputo. Ya kupima vijidudu iwe chupa iliyochemshwa na maabara, hiyo haisuuzwi. Oksijeni, pH na joto vipimwe pale pale, haviwezi kusubiri. Oksijeni ipimwe mara mbili: saa 11 alfajiri na saa 9 alasiri. Chupa zikae kwenye barafu, ziwe gizani, zifike maabara siku hiyo hiyo. Za vijidudu ndani ya saa 6.

Ikiwa ni kifo cha samaki, chukueni na samaki wawili watatu wanaotapatapa, si waliooza, kila mmoja kwenye mfuko wake, wakae kwenye barafu. Wa kupimwa dawa wafungwe kwa karatasi ya alumini kwanza.

Taarifa ipelekwe NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, nakala kwa BMU yenu, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo. Kwenye daftari andikeni tarehe, saa, mahali, mvua ya mwisho ilinyesha lini, siku ile walipuliziwa ng'ombe kama inajulikana, na kwa sehemu za kriki andikeni kama ilikuwa bamvua au maji mafu, na kama maji yalikuwa yakijaa au yakitoka. Bila hilo la mwisho, mtaalamu hatajua uchafu ulikuwa unatoka juu au unarudishwa na bahari.